Serikali Iliyolipa Pande Zote Mbili: Historia ya Madimbwi ya Dakota

Mdogo wangu anaishi Sioux Falls, Dakota Kusini, huko Marekani. Aliondoka hapa kambini na mke wake na watoto watatu, tukawasindikiza mpaka kwenye basi, na tangu siku hiyo amekuwa sauti tu ndani ya WhatsApp. Anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Mwezi wa nne mwaka jana wenzake wa kazini walimchukua kwenda kuvua samaki upande wa kaskazini, zaidi ya saa mbili kwa gari, na njiani akanitumia video. Shamba. Mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, udongo mweusi kabisa, na katikati ya shamba, maji. Si ziwa. Ni dimbwi tu, kama lile linalobaki mbele ya soko letu baada ya mvua. Ndani yake bata mwitu kama ishirini. Halafu dimbwi jingine, na jingine, mpaka video ikakatika.

Akaongeza sauti: "Yaya, hawa watu wana trekta kubwa kushinda nyumba yetu ya Fizi. Sasa mbona wanalima wakizunguka haya maji kama vile ni kaburi la babu? Si wangechimba tu rigoli yakaondoka?"

Nilifundisha historia na jiografia miaka kumi na mmoja kabla vita haijanileta huku Uganda, na sikuwa na jibu. Jambo hilo liliniuma. Liliniuma zaidi kwa sababu wiki ileile kikundi chetu cha wakulima, ambacho mimi ni katibu wake, kilikuwa kimegawanyika juu ya swali hilohilo. Tuko watu thelathini na wanne. Chini ya mashamba yetu kuna bonde lenye kinamasi, marais kama tunavyosema kwetu, na nusu ya kikundi walitaka tuchimbe rigoli tuyatoe maji, tupate mahali pa kupanda kabichi wakati wa kiangazi. Nami nilikuwa upande wa wachimbaji. Jembe langu lilikuwa tayari.

Kwa hiyo nilianza kusoma habari za Dakota, kwenye kompyuta za kituo cha vijana, saa moja kwa siku, zamu kwa zamu na vijana wanaotafuta matokeo ya mpira. Ilinichukua miezi. Nilichopata nakiandika hapa.

Kwanza jina. Wanaita nchi ile prairie, na hilo ni neno la Kifaransa, maana yake malisho, uwanda wa majani. Wafaransa wafanyabiashara wa ngozi walifika kule mapema wakaacha majina yao kila mahali. Mwinuko ambao mdogo wangu aliupita kwa gari unaitwa mpaka leo Coteau des Prairies, na mji mkuu wa Iowa ni Des Moines. Sisi tuliochapwa fimbo darasani kwa ajili ya Kifaransa, angalau kinatusaidia kusoma ramani ya Marekani.

Sasa maji yenyewe. Kama miaka 12,000 iliyopita uwanda ule ulikuwa unatoka chini ya barafu. Usifikirie barafu ya friji. Fikiria mlima wa barafu unaotembea polepole, unasaga mawe na kusukuma udongo mbele yake. Joto lilipoongezeka barafu ikarudi nyuma kuelekea kaskazini, ikaacha kifusi, na ndani ya kifusi vikabaki vipande vikubwa vya barafu vimezikwa. Vipande hivyo vilipoyeyuka, udongo wa juu ulididimia, pakabaki shimo. Si shimo moja, ni mamilioni. Eneo lenye mashimo hayo lina zaidi ya kilomita za mraba 700,000, karibu mara tatu ya Uganda nzima. Linaanzia Alberta, Saskatchewan na Manitoba huko Kanada, linashuka kupitia Dakota mbili na ukingo wa Montana, mpaka Minnesota na kaskazini ya Iowa. Sehemu nyingine kulikuwa na madimbwi 40 katika kilomita moja tu ya mraba.

Na haya madimbwi hayana mto. Hapo ndipo siri ilipo. Kwetu maji ya mlimani yanajua njia, yanateremka mpaka Tanganyika. Kule ardhi ni changa, mito bado haijapata muda wa kuchonga njia, kwa hiyo theluji inapoyeyuka mwezi wa tatu na wa nne, maji yanateleza juu ya udongo ulioganda yanaingia kwenye shimo lililo karibu, yanakaa. Mengine yanakaa wiki mbili tatu. Mengine yanakaa mpaka katikati ya kiangazi chao. Machache hayakauki, isipokuwa mwaka wa ukame mkali. Mwaka 1971 wataalamu wawili, Robert Stewart na Harold Kantrud, waliyapanga kwa madaraja kwa kuangalia majani yanayoota ndani yake, kwa sababu ukifika siku ambayo dimbwi limekauka, majani ndiyo yatakuambia maji hukaa muda gani.

Mimi nilidhani dimbwi linalokauka ni dimbwi bovu. Kumbe nilikosea kabisa. Likikauka, matope yanapata hewa, majani yaliyokufa yanaoza vizuri, mbegu zilizolala miaka zinaamka. Maji yakirudi, mbolea yote ile inageuka chakula: wadudu wa majini, konokono, funza wadogo wasiohesabika. Sasa angalia bata jike. Anarudi kutoka kusini mwezi wa nne, amechoka, amekonda, na anahitaji nyama ili atengeneze mayai. Ziwa kubwa bado lina barafu juu. Kilichoyeyuka tayari ni kile kidimbwi cha katikati ya shamba, chenye kina cha goti, kinachopata jua haraka. Hapo ndipo anapokula. Na bata wa aina nyingi hawapendi majirani wakati wa kutaga, kila jozi inataka dimbwi lake. Kwa hiyo madimbwi kumi madogo yanalisha jozi nyingi kuliko ziwa moja lenye maji yaleyale. Zaidi ya nusu ya bata mwitu wa Amerika ya Kaskazini huzaliwa katika uwanda huo.

Shida ni kwamba dimbwi dogo, la muda, ndilo rahisi kuliko yote kulikausha. Mfereji mmoja wa siku moja unatosha.

Kabla ya mifereji kulikuwa na watu. Wadakota waliishi kati ya maji hayo: waliwinda ndege, walitega wanyama wa manyoya, na upande wa mashariki walivuna mpunga wa mwitu unaoota wenyewe majini. Jina Minnesota ni la kwao, mni ni maji, na jina zima ni maji yenye rangi ya mawingu. Kuna ziwa Dakota Kaskazini walilolipa jina lenye maana ya maji matakatifu. Wageni wakalitafsiri vibaya, likawa Devils Lake, Ziwa la Mashetani, na linaitwa hivyo mpaka leo. Tutalirudia.

Mwaka 1851 Wadakota waliwekewa mikataba mbele yao, wakaachia karibu kusini yote ya Minnesota kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1862 malipo yalichelewa, watu wakawa na njaa, vita ikalipuka kwa wiki kadhaa. Tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 Wadakota walinyongwa kwa pamoja katika mji wa Mankato. Mwaka uliofuata sheria ikawafukuza Wadakota kutoka Minnesota. Wengine walivuka mpaka kwenda upande wa Kanada, na wajukuu wao wako Manitoba na Saskatchewan. Nilipofika hapa katika kusoma niliinuka nikatoka nje kidogo. Mwaka 2024 serikali ya Kanada iliwaomba radhi rasmi wajukuu hao, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 150 iliwahesabu kuwa wakimbizi tu, si wenyeji wa nchi. Miaka 150! Na sisi tunalalamika foleni ya karatasi.

Mwaka uleule wa 1862 ndipo Marekani ilipopitisha sheria ya kugawa ardhi kwa walowezi, ekari 160 kwa kila familia itakayolima na kukaa miaka mitano. Kabla ya hapo, mwaka 1850, serikali kuu ilikuwa imeyapa majimbo ardhi ya vinamasi, na wazo likiwa kwamba yakiiuza, pesa zitumike kuikausha. Minnesota iliingizwa katika mpango huo mwaka 1860. Maana yake, kwenye macho ya sheria, maji yaliyosimama yalikuwa kosa la Mungu, na raia mwema kazi yake kulisahihisha.

Siwacheki walowezi hao. Wengi walikuwa maskini waliofika kwa meli kutoka Norwe, Ujerumani, Uswidi, wengine hawana hata ng'ombe wawili. Malaria ilikuwepo kule katikati ya Marekani karne ile, watu walitetemeka na homa Iowa kama tunavyotetemeka hapa, na kila mtu aliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa ya kinamasi. Mtu ana ekari 160, na thelathini kati yake ni maji. Watoto wanalia. Ungefanya nini? Mimi ningechimba. Nilishasema, jembe langu lilikuwa tayari.

Waliochimba sana walikuwa na silaha ya ajabu, bomba la udongo wa kuchoma. Mskoti mmoja, John Johnston, mkulima wa karibu na Geneva katika jimbo la New York, alileta ufundi huo kutoka kwao kwenye miaka ya 1830. Unachimba mtaro, unapanga vipande vifupi vya bomba ncha kwa ncha, unafukia. Maji yanapenya kwenye viungo, yanatembea chini kwa chini mpaka mfereji mkubwa, na juu yake unalima kama vile hakuna kitu. Majirani walimwona mwendawazimu anayezika vyombo vya udongo shambani. Ngano yake ikawanyamazisha. Baadaye Iowa na kusini ya Minnesota waliunda wilaya za mifereji, yaani wenye mashamba wanatozwa wote kwa pamoja kuchimba mfereji mkuu, upende usipende. Na lazima tuseme ukweli: udongo uliotoka chini ya maji yale ni kati ya udongo bora duniani. Mahindi ya msaada yaliyowahi kufika kwenye magunia yetu, sishangai kama mengine yalitoka juu ya dimbwi lililozikwa.

Hesabu iliyopelekwa kwenye Bunge la Marekani mwaka 1990 ilikadiria kwamba majimbo 48 ya bara yalikuwa na ekari milioni 221 za ardhi oevu katika miaka ya 1780, na katika miaka ya 1980 zimebaki milioni 104. Iowa ilipoteza asilimia 89. Minnesota 42, Dakota Kaskazini 49, Dakota Kusini 35. Dakota zilipona kidogo kwa sababu ni kavu zaidi na zililimwa kwa kuchelewa. Si kwa hekima ya mtu yeyote.

Halafu ikaja miaka ya 1930. Ukame, upepo, vumbi lililofunika jua mchana. Madimbwi yaliyobaki yakakauka yenyewe, bata wakapungua mpaka wawindaji wakaogopa. Hapo anaingia mtu ninayempenda katika historia hii, Jay Norwood Darling, ambaye watu walimwita "Ding". Alikuwa mchora katuni wa gazeti la Des Moines, na katuni zake zilimchoma Rais Roosevelt karibu kila wiki. Mwaka 1934 Roosevelt alimpa kazi: haya, wewe unayejua kusema, njoo uongoze idara ya wanyamapori. Akakubali. Mwaka huohuo sheria ilipita kwamba kila mtu mzima anayewinda bata lazima anunue stempu ya dola moja posta, na pesa hiyo inunue mahali pa bata kukaa. Stempu ya kwanza Darling aliichora mwenyewe, bata wawili wanatua majini. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 600,000.

Naomba wasomaji wetu wa mashirika wasimame hapo kidogo. Aliyelipa ni yule anayewaua bata. Hakuna aliyembembeleza kwa bango lenye picha nzuri. Alitaka bata wa kupiga mwaka kesho, basi alipe dola.

Lakini serikali, kama tunavyoijua popote, ina mikono miwili isiyosalimiana. Katika miaka ya 1940 na 1950, wakati idara moja inauza stempu ili kuokoa madimbwi, wizara ya kilimo ilikuwa inawalipa wakulima sehemu ya gharama ya kuyakausha. Kwenye shamba moja! Mkono huu unampa mkulima pesa achimbe mfereji, mkono ule unatafuta bata wameenda wapi. Mtu wa stempu alikuwa ananunua vinamasi vikubwa vichache, na mtu wa mifereji anafuta vidogo kwa maelfu, na vidogo, kama tulivyoona, ndivyo vinavyozaa.

Mwaka 1958 sheria ya stempu ikabadilishwa ili pesa iweze kununua pia madimbwi madogo, na zaidi ya kununua, kufanya kitu kipya kabisa. Serikali haichukui shamba. Inamlipa mkulima mara moja, naye anaweka sahihi kwamba dimbwi lake halitakaushwa, halitafukiwa, halitasawazishwa, wala majani yake hayatachomwa. Milele. Shamba linabaki lake. Likikauka lenyewe kwa jua, anaweza kulima ndani yake mwaka huo. Anachunga, anakata nyasi, anafukuza wageni akitaka. Akiuza shamba, sahihi inaenda na shamba. Eneo la kwanza la bata kununuliwa katika mpango huu lilikuwa Day County, Dakota Kusini, mwaka 1959, juu ya uleule mwinuko wa Coteau. Nilimwuliza mdogo wangu walikwenda kuvua wapi. Akanitumia picha ya kibao cha barabarani: Day County.

Kwa hiyo jibu la swali lake huenda liko chini ya kabati la mtu fulani, karatasi iliyotiwa sahihi na babu yake. Mkulima wa leo anayezunguka maji kwa trekta yake anazunguka saini.

Je, waliridhika? Wapi. Baba alipokea pesa kidogo ya mwaka 1965, mtoto anaona bei ya soya ya leo, anasema mzee aliibiwa. Jimbo la Dakota Kaskazini lilitunga sheria za kuuzuia mpango, likaburuzana na serikali kuu mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1983 likashindwa. Mwaka 1962 Bunge lilikuwa limeanza kubana malipo ya mifereji katika Dakota mbili na Minnesota, na mwaka 1985 likaja sharti kubwa: atakayegeuza ardhi oevu kuwa shamba anapoteza ruzuku za kilimo. Tazama lugha yake. Haisemi ni marufuku. Inasema, chimba ukitaka, ila usije dirishani kwetu kuomba. Kwa mkulima anayeishi kwa ruzuku, hilo lina nguvu kuliko polisi.

Kanada nitapita haraka, ingawa wanastahili zaidi: kule wawindaji wa Marekani walituma pesa kuvuka mpaka, kupitia chama cha Ducks Unlimited kilichoanzishwa 1937, na kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha maji kwenye kinamasi cha Big Grass Marsh, Manitoba, mwaka 1938. Bata hana pasipoti, na mwenye kumtaka akamfuata alikozaliwa.

Nilipofika hapa nilidhani historia imeisha vizuri. Haijaisha. Bomba la udongo limekuwa bomba la plastiki lenye matundu, linalotandazwa kwa mashine inayoongozwa na setilaiti, kilomita nyingi kwa siku. Na Mahakama ya Juu ya Marekani imepunguza sheria ya maji safi mara mbili. Mwaka 2001 ilisema kwamba dimbwi lililojitenga halilindwi na sheria hiyo kwa sababu tu ndege wahamaji wanalitumia. Mwaka 2023 ikasema kinamasi lazima kiwe kimeungana juu ya ardhi na mto au ziwa, bila kukatika. Lakini dimbwi la Dakota, kazi yake yote ni kutoungana na mto! Linashika maji pale yalipoanguka. Ukiliunganisha, umelimaliza.

Na wanaounganisha wanaona matokeo. Lile Ziwa la Mashetani halina njia ya asili ya kutokea katika miaka ya kawaida. Kati ya 1993 na 2011 lilipanda zaidi ya mita 9, likameza mashamba, barabara, nyumba. Mvua nyingi ndiyo sababu kubwa, hilo liko wazi, ila watu wa kule mpaka leo wanabishana madimbwi yaliyokaushwa juu ya ziwa yaliongeza kiasi gani. Huko Iowa, mabomba ya chini ya mahindi yanabeba mbolea ya naitrojeni moja kwa moja mpaka mtoni, na mji wa Des Moines unakunywa mto huo. Mwaka 2015 kampuni ya maji ya mji ilizishtaki wilaya za mifereji za kaunti tatu za juu. Mwaka 2017 kesi ikatupwa. Watu wa mji wanalipa kuyasafisha maji, mkulima wa juu halipi, na dimbwi ambalo lingeyachuja bure limezikwa tangu enzi ya babu.

Basi nikarudi kwenye mkutano wetu na daftari langu. Niliwaeleza haya yote, kwa kifupi kuliko hapa. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, sasa wewe umekuwa wakili wa vyura?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini mama mmoja mjane, ambaye sehemu yake iko chini kabisa kwenye matope, hakucheka. Akauliza: "Huyo Mzungu wa Dakota alilipwa. Mimi nani atanilipa?"

Hapo nilinyamaza, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Tumeletewa semina juu ya vinamasi, tumepewa fulana, tumeambiwa usilime karibu na maji. Yote ni kweli na yote ni bure kwa anayesema. Mkulima wa Day County alikuwa na hati ya shamba, akauza sehemu ndogo ya haki yake, akabaki na nyingine. Sisi hatuna hati. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema vinamasi viko mikononi mwa serikali kwa niaba ya raia wote, na sisi si raia. Sehemu zetu ni za kuazimwa. Huwezi kumlipa mtu kwa haki ambayo hana, ndivyo wakubwa watakavyojibu. Lakini njaa anayo, na hiyo haiazimwi. Ningependa afisa mmoja wa mazingira anayesoma karatasi hizi aje anijibu hilo, si kwa barua, aje tukae.

Tulibishana mikutano mitatu. Mimi nilibadilisha upande, na rafiki yangu mmoja hakunisalimia mwezi mzima. Mwisho tulikubaliana hivi. Rigoli iliyokwisha kuanzwa, hatua kumi na tano, tukaifukia. Sehemu ya chini kabisa, ile inayojaa mwezi wa nne na kukauka mwezi wa saba, inaachwa na majani yake. Kaya tatu zilizokuwa zinalima pale, mama yule akiwa mmoja, zimepewa mistari kwenye mashamba ya juu, na kwa sababu mistari haitoshi, kila mwanachama mwingine anatoa beseni moja ya maharage kila msimu kwa hizo kaya tatu. Hakuna stempu. Ni beseni.

Kisima kilicho chini ya bonde kiangazi hiki hakikukauka. Sitasema ni kwa sababu yetu, mvua pia ilikuwa nzuri, na msimu mmoja si ushahidi. Stewart na Kantrud wangenicheka. Mdogo wangu nimemtumia jibu la swali lake, sauti ya dakika kumi na mbili. Akaniandikia: "Yaya, nimesikia. Lakini wewe unaongea mrefu."

Daftari ninalo mimi. Msimu wa kwanza wote walileta beseni zao, wengine mpaka mlangoni kwa yule mama. Msimu wa pili, hadi leo ninapoandika, kumi na moja bado. Jumapili baada ya ibada nitapita nyumba kwa nyumba.